"Ni Kawaida" Ina Alama Ngapi? Kupima Maisha ya Mwenye Endometriosisi

Kila muhula kuna mwanachuo anayekosa testi, na kwenye fomu ya kueleza sababu anaandika maneno mawili: "kuumwa tumbo". Mhadhiri akiyasoma hana la kufanya nayo. Tumbo la kuendesha? Tumbo la chipsi za jana? Tumbo la kukwepa testi? Maneno hayo hayana uzito wowote karatasini, hata kama aliyeyaandika alishinda sakafuni amejikunja, kanga mdomoni ili majirani wasimsikie.

Makala hii inahusu ugonjwa unaojificha nyuma ya maneno hayo mawili, endometriosisi, na hasa swali moja juu yake: unapimaje namna ugonjwa unavyokula maisha ya mtu ambaye kwa nje anaonekana mzima kabisa? Sisi wa Elimu tuna kozi nzima ya upimaji na tathmini. Tunafundishwa kutunga mtihani, kusahihisha, na kujiuliza kama mtihani ulipima kile tulichotaka kupima. Nilipoanza kusoma jinsi watafiti wanavyopima ubora wa maisha ya wagonjwa hawa, nikakuta ni somo lile lile, ila hapa akikosea mtunga maswali anayeumia ni mgonjwa.

Ugonjwa wenyewe

Ndani ya mji wa mimba kuna utando laini unaojijenga kila mwezi kusubiri mimba. Mimba isipotunga, utando unabomoka na kutoka kama hedhi. Kwa mwenye endometriosisi, tishu zinazofanana na utando huo zinaota nje ya mji wa mimba: kwenye vifuko vya mayai, nyuma ya kizazi, kwenye utumbo, kwenye kibofu, na kwa wachache hata kifuani. Huko ziliko zinaitikia homoni za kila mwezi, zinavimba, zinauma, na zinaacha makovu ambayo wakati mwingine yanagandisha viungo vya tumboni pamoja.

Dalili zake ni maumivu makali ya hedhi, maumivu ya nyonga hata siku zisizo za hedhi, maumivu wakati wa haja au tendo la ndoa, tumbo kujaa, uchovu usioisha, na kwa baadhi ugumu wa kushika mimba. Dawa ya kuung'oa moja kwa moja haijapatikana. Kuna dawa za maumivu, dawa za homoni na upasuaji, na wengi wanapata nafuu kwa njia hizo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake na wasichana wapatao milioni 190 walio katika umri wa kuzaa wana ugonjwa huu, yaani karibu asilimia 10. Chukua kadirio hilo jinsi lilivyo, uingie nalo kwenye ukumbi wa mihadhara wenye wasichana 100. Ni kama 10 hivi.

Sasa, kwa nini hatuwaoni? Sababu moja ni kwamba kwa miaka mingi madaktari waliamini huu ni ugonjwa wa wanawake wa Kizungu wenye nafasi, wanaosoma sana na kuchelewa kuzaa. Mwaka 1976 daktari wa Chicago, Donald Chatman, alichapisha matokeo ya wagonjwa wake weusi aliowachunguza kwa kamera ya tumboni. Zaidi ya mmoja kati ya kila watano alikuwa na endometriosisi, na baadhi yao walikuwa wameshaambiwa kwamba wana maambukizi ya nyonga. Ugonjwa ulikuwepo siku zote, ila kwa mwanamke mweusi ulipewa jina jingine.

Kwetu nako una jina jingine. Unaitwa chango. Binti akilalamika anachemshiwa mizizi, anakandwa maji ya moto, na anaambiwa akizaa litaisha.

Picha ya daktari haisemi kila kitu

Mtu anaweza kusema: si kuna vipimo vya hospitali? Vipo. Kuna ultrasaundi, kuna MRI, na kuna upasuaji wa tundu dogo ambapo kamera inaingizwa tumboni. Madaktari wa upasuaji wana hatua nne za ugonjwa huu, kuanzia ya I hadi ya IV. Wanahesabu tishu ziko wapi, zina ukubwa gani, zimezama kiasi gani, na makovu yameshika nini.

Tatizo ni kwamba hatua hizo hazitabiri maumivu. Mwanamke wa hatua ya I anaweza kushindwa kutoka kitandani siku tatu kila mwezi. Wa hatua ya IV anaweza kuishi miaka bila shida kubwa, akagundulika siku anayotafuta mtoto. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kamera inaonyesha kitanda, lakini habari za kunguni anazo anayekilalia, kwa hiyo inabidi aulizwe.

Kumuuliza nako kuna namna yake. Ukimuuliza "unaumwa kiasi gani, sifuri hadi kumi?" atakutajia namba, labda 8. Namba hiyo inasema kuhusu saa hiyo tu. Haisemi kama alikwenda darasani wiki iliyopita, kama analala usiku, kama amegombana na mchumba, kama ameanza kuiogopa kalenda. Ndiyo maana watafiti wanasema wanapima ubora wa maisha. Kwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani, hiyo ni namna mtu mwenyewe anavyoiona nafasi yake maishani, ndani ya utamaduni wake na kwa kulinganisha na malengo na matarajio yake. Zingatia hayo maneno "mtu mwenyewe". Daktari, mama mzazi na mhadhiri hawawezi kumjibia.

Maswali thelathini ya Oxford

Kipimo kinachojulikana zaidi kwa ugonjwa huu kilitengenezwa Oxford, Uingereza, na Georgina Jones na wenzake, kikachapishwa mwaka 2001. Kinaitwa EHP-30. Watafiti walianza kwa kukaa na wanawake 25 wenye endometriosisi na kuwahoji kwa kina: ugonjwa unakugusa wapi? Maswali yakatungwa kutokana na majibu yao. Kwa lugha ya darasani kwetu, wanafunzi ndio waliosaidia kuandika mtihani.

Yakabaki maswali 30 katika maeneo matano:

Maumivu, maswali 11. Hayaulizi tu kama unaumwa. Yanauliza kama maumivu yamekuzuia kusimama, kukaa, kutembea, kulala, kufanya kazi za nyumbani.

Kujiona huna uwezo juu ya hali yako, maswali 6. Hapa ni ile hisia kwamba ugonjwa ndio unaokupangia ratiba.

Hali ya moyo, maswali 6.

Kuungwa mkono na watu, maswali 4. Je, unaona watu wanakuelewa, au wanadhani unadeka?

Unavyojiona mwili wako, maswali 3.

Kila swali linahusu wiki nne zilizopita, muda unaotosha kwa wengi kupitia mzunguko mzima wa mwezi. Majibu ni matano, kuanzia "kamwe" mpaka "kila wakati", na yanapewa alama 0 hadi 4. Ukokotoaji wake ni rahisi kuliko wa GPA. Tuseme mwanachuo amejibu maswali 11 ya maumivu na jumla yake ni 33. Alama ya juu kabisa ni 11 mara 4, yaani 44. Gawa 33 kwa 44, zidisha kwa 100, unapata 75. Tofauti na mitihani yetu, hapa 0 ndiyo hali nzuri kabisa na 100 ndiyo mbaya kabisa.

Mpaka hapo unaweza kudhani tutajumlisha maeneo yote tupate wastani mmoja. Hapana. Kila eneo linabaki na alama yake. Fikiria huyo huyo mwenye 75 ya maumivu ameanza dawa, na baada ya miezi mitatu maumivu yameshuka hadi 50. Daktari anafurahi. Lakini eneo la kujiona huna uwezo bado liko 75, kwa sababu binti hajui mwezi ujao dawa itashika au itamwangusha katikati ya UE. Ukichukua wastani, hofu hiyo inafunikwa na habari njema. Ukiacha alama tano zisimame peke yake, unaona mahali ambapo matibabu yamefika na mahali ambapo hayajafika.

Mbali na hayo 30 kuna maswali mengine 23 ya ziada, yanayojibiwa na wale tu yanaowahusu: kazi, uhusiano na watoto, mapenzi, hisia juu ya madaktari, matibabu, na hofu ya kutozaa. Lile kundi la madaktari linagusa mambo kama mgonjwa kuona kwamba hasadikiwi. Fikiria uzito wake: kukataliwa neno lako kumehesabiwa kuwa sehemu ya ugonjwa.

Maswali manne kati ya 53

Hapa naomba tusimame kidogo. Jumla ya maswali yote ni 53, na yanayohusu kutozaa ni 4 tu. Kwetu hesabu imegeuzwa. Mwanamke mwenye endometriosisi anaanza kuonekana mgonjwa siku anapoolewa na mwaka unapita bila mtoto. Kabla ya hapo alikuwa na chango.

Mtanzania aliyelitamka jina la ugonjwa huu hadharani kwa sauti kubwa kuliko wengi ni Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001. Alieleza miaka yake ya maumivu na upasuaji wa mara nyingi, akaanzisha taasisi ya kuelimisha wasichana, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya BET kwa kazi hiyo. Mwaka 2017 alijifungua mtoto wa kiume, na wengi tulifurahi naye. Lakini ukiwauliza watu wanaolikumbuka jina lake kwenye habari hii, wengi watakusimulia mtoto. Wachache watakusimulia msichana wa shule aliyekuwa anazidiwa na maumivu. Yule msichana ndiye anayekaa nasi darasani.

Jirani zetu Kenya wana Njambi Koikai, mtangazaji ambaye ugonjwa huu ulimfika mpaka kifuani, mapafu yakawa yanasinyaa. Mwaka 2018 alitibiwa Marekani. Akarudi kuendelea kusema, hadi alipofariki tarehe 3 Juni 2024. Kwake suala la kwanza lilikuwa kupumua.

Sisemi kutozaa ni jambo dogo. Katika ukoo wa Kiafrika linaweza kuvunja ndoa na kumfanya mtu mgeni kwao. Ninasema kwamba kipimo chenye swali moja tu, "amezaa?", kinampa alama safi mwanachuo wa miaka 21 ambaye hata hajaanza kufikiria kuzaa, wakati huo akiwa na sapu tatu.

Mahudhurio ya mwili

Utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2011 uliwahusisha wanawake 1,418 katika nchi kumi. Afrika iliwakilishwa na Nigeria. Matokeo mawili yanatuhusu moja kwa moja.

La kwanza: kwa wastani ilipita miaka 6.7 tangu dalili zianze hadi ugonjwa kuthibitishwa kwa upasuaji. Uhesabu kwa kalenda yetu. Anaanza kuumwa Form Two, anapata jina la ugonjwa wake akiwa mwaka wa tatu chuoni. Katikati hapo kuna mtihani wa Form Four, wa Form Six, na maamuzi yote ya maisha.

La pili: kwa wastani kila mgonjwa alipoteza karibu saa 11 za kazi kwa wiki. Na sehemu kubwa ya saa hizo hakuzipoteza kwa kubaki nyumbani. Alizipoteza akiwa kazini, mwili upo na akili inapambana na maumivu. Mwanafunzi yeyote wa Elimu anapaswa kushtuka hapa. Karatasi ya mahudhurio inayozungushwa darasani inapima mwili. Binti anaweza kuwa na sahihi kwenye kila kipindi, mahudhurio asilimia 100, na alichokipata kikawa nusu. Tukiona amefeli, tunasema hana bidii.

Kwa Kiswahili utaulizaje?

Dodoso linaweza kuwa zuri Oxford na likapotea njia likifika Dar es Salaam. Tunalo somo la hapa hapa jijini. Kuna dodoso la afya la jumla kutoka Marekani, SF-36, lenye maswali 36. Miaka ya tisini lilitafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa kwa wakazi wa Dar es Salaam, na matokeo yakachapishwa mwaka 1999. Katika toleo la Kimarekani kuna swali linalouliza kama afya yako inakuzuia kufanya shughuli za wastani kama kusogeza meza, kusukuma mashine ya kufyonza vumbi, au kucheza gofu. Mpelekee swali hilo mama wa Tandale. Akijibu "sichezi", ugonjwa hauhusiki, ni gofu ndiyo haimhusu.

Swali jingine la dodoso hilo linauliza juu ya huzuni kwa kutumia neno ambalo kwa Kiingereza ni rangi ya bluu. Kiswahili hakina huzuni ya bluu. Tuna moyo mzito, tuna unyonge, tuna kukosa raha, na kila kimoja kina uzito wake. Ndiyo maana kazi hii haifanywi kwa kukaa na kamusi usiku mmoja. Mtu anatafsiri kwenda Kiswahili, mwingine ambaye hajaona maswali ya kwanza anatafsiri kurudi Kiingereza, wanalinganisha, halafu wanakaa na wagonjwa wenyewe na kuwauliza: ukisikia swali hili unaelewa nini? Madodoso yenyewe pia yana wenyewe. EHP-30 inatolewa kwa leseni, kwa hiyo anayetaka kuitumia kwenye utafiti wake wa mwaka wa mwisho aombe kwanza.

Kwa ugonjwa huu, neno gumu kuliko yote naona ni "kawaida". Mama anamwambia mwanawe, "Tumbo kuuma ni kawaida, mwanangu." Yeye anamaanisha linatokea kwa wengi. Mtoto anasikia kwamba halina shida. Neno moja limebeba mambo mawili: kinachotokea mara nyingi, na kisicho na tatizo. Malaria nayo inatokea mara nyingi na hakuna anayekuambia uizoee. Sasa ukiandika kwenye dodoso "Je, maumivu yako yamezidi kawaida?", aliyeumwa tangu ana miaka 13 atajibu hapana, na atakuwa anasema kweli. Kawaida yake ndiyo hiyo.

Halafu kuna ngazi za majibu. "Mara kwa mara" na "mara nyingi", ipi iko juu? Waulize watu watano kibarazani uone mjadala. Kipimo ambacho wajibuji wake hawakubaliani ngazi ipi ni kubwa hakina uthabiti, hata kikichapwa kwa karatasi nzuri namna gani.

Kipimo cha Madale

Ninaishi Madale, tumepanga chumba wawili. Mwenzangu aliambiwa mwaka jana kuwa ana endometriosisi, baada ya miaka mingi ya chango. Amekubali niandike haya, jina lake nimeliacha. Jioni moja nilimuomba tufanye zoezi la kozi: tutunge maswali ambayo yangemuuliza mtu wa hapa maisha yake. Sikumwonyesha ya Oxford kwanza. Haya ndiyo aliyotaja.

Je, wiki hizi nne umeweza kusimama kwenye daladala kutoka Tegeta mpaka Mwenge? Je, umekwepa bodaboda kwa sababu ya mtikiso wa njia yetu ya vilima? Maji yalipokatika, uliweza kubeba ndoo mwenyewe? Uliogopa kula ili usije ukahitaji choo cha nje usiku? Hela ya bumu, kiasi gani kiliishia kwenye dawa za maumivu na taulo za kike? Na lile la mwisho alilisema akicheka kidogo: je, uliacha kumwambia mtu kwa sababu umechoka kujibiwa "pole, ndiyo ukubwa"?

Ukiyapanga, yanaangukia karibu kwenye maeneo yale yale ya Oxford: maumivu yanayozuia shughuli, kukosa uwezo juu ya hali yako, watu kutokuelewa. Hilo lilinitia moyo. Maumivu ya mwanamke wa Oxford na wa Madale yanagusa sehemu zilezile za maisha. Kinachotofautiana ni vitu vinavyoyabeba: huku ndoo, kule mashine ya vumbi. Swali la pesa ndilo lililokosa kwa kukaa katika yale maeneo matano.

Zoezi lilinifundisha jambo jingine ambalo vitabu vya upimaji vinalitaja kwa ufupi. Nilipomuuliza kama maumivu yamemzuia kutembea, alijibu "mara chache". Nikashangaa, maana nakaa naye. Akanieleza: siku zile hatembei kabisa. Ameshazipanga kwenye kalenda, hapokei kazi za kundi, hatoki. Kwa hiyo hakuna kutembea kwa kuzuiwa. Mtu aliyekwisha kupunguza maisha yake yakaenea ndani ya ugonjwa anaweza kupata alama nzuri, kwa sababu hajaribu tena yale yanayomshinda. Kwa hiyo swali zuri lina ndugu yake: "Ni mambo gani umeacha kuyafanya?"

Tufanye nini nayo

Kwanza tuelewane: hakuna dodoso linalosema una endometriosisi au huna. Hiyo ni kazi ya daktari. Dodoso linasema ugonjwa, wowote uwao, unakutoza kiasi gani.

Kama hedhi inakulaza, kama dawa za kawaida za maumivu hazishiki, kama unaumwa unapokwenda haja siku hizo, au kama kila mwezi unakosa vipindi, nenda hospitali, na usiende mikono mitupu. Tumia daftari la shilingi mia tano. Kwa miezi miwili au mitatu andika kila siku ya maumivu: tarehe, yalidumu saa ngapi, ulimeza nini na kama kilisaidia, ulishindwa kufanya nini, na uliacha kufanya nini hata kabla ya kujaribu. Daktari ana dakika chache na foleni ndefu. "Tumbo linauma sana" anaisikia mara thelathini kwa siku. "Miezi mitatu mfululizo nimelala siku tatu tatu, nimekosa vipindi kumi na moja, dawa hii haikusaidia" ni habari ya aina nyingine.

Wanaume wa chuo, nanyi mmo. Eneo la tatu kutoka mwisho wa dodoso lile ni la hali ya moyo, na linalofuata ni la kuungwa mkono na watu. Wewe kiongozi wa kundi la asaimenti ni sehemu ya alama ya mtu. Ukimwekea prezentesheni tarehe nyingine, umeigusa alama hiyo. Ukimtania mbele ya darasa kwamba "yuko kwenye siku zake", umeigusa pia.

Na kwa serikali yetu ya wanafunzi nina pendekezo dogo la kupeleka ofisi ya taaluma. Fomu ya kuahirisha testi ina mstari mmoja wa sababu. Tuombe iongezwe mitatu: ni shughuli gani za masomo umeshindwa kuzifanya, kwa siku ngapi, na je, hali hii imejirudia miezi iliyopita? Haviombi picha ya tumbo la mtu, wala havimlazimishi kumweleza mhadhiri wa kiume habari za hedhi yake. Lakini fomu tatu za miezi mitatu zikilala kwenye faili moja, mshauri wa wanafunzi ataona kitu ambacho "kuumwa tumbo" mara tatu hakijawahi kumwonyesha, na atajua ni wakati wa kumwandikia binti huyo barua ya kwenda kuonana na daktari bingwa, kabla ya miaka 6.7 kutimia.